Sanaa ni Shahidi: Picha, Wimbo na Ramani

Watu wengi hudhani ya kuwa sanaa ni pambo tu. Picha hutundikwa ukutani ili chumba kipendeze, na wimbo huimbwa ili arusi ichangamke. Hayo ni kweli, wala siyakatai. Lakini sanaa ina kazi nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kutoa ushahidi. Yapo mambo ambayo watu huyaona wasiyaseme, na mengine husemwa mbele ya wakubwa yasisikizwe. Mara nyingi mambo ya namna hiyo hupata makao katika picha au katika wimbo, yakadumu humo hata baada ya waliotaka yasahauliwe kufa na kuzikwa.

Jambo ninalotaka kulieleza katika makala haya ni hofu waliyo nayo wanawake na wasichana kwa sababu ya jeuri ya wanaume. Si hofu ya watu wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa karibu wanawake 3 katika kila 10 duniani wamepata kupigwa au kulazimishwa na mume au mpenzi, au kuingiliwa kwa nguvu na mtu mwingine. Hesabu hiyo yatisha, lakini mtu akiisoma huipita upesi, kwa kuwa hajamwona hata mmoja wa watu hao. Mwenye picha au wimbo hutuonyesha mmoja, tukasimama tukamtazama.

Nimechagua kazi za wanawake watatu: picha za rangi za Bibi Artemisia Gentileschi wa Italia, wimbo wa Bibi Siti binti Saad wa Unguja, na ramani za Bibi Suzanne Lacy wa Marekani. Kila moja nitaieleza jinsi ilivyo, kisha nitasema inatufundisha nini. Mwisho nitaeleza jinsi sisi wanafunzi wa shule hii tulivyolitumia fundisho la tatu. Nawaomba wenzangu wavulana wasiugeuze ukurasa huu. Makala haya ni yenu kama yalivyo yetu.

I. PICHA YA SUSANA

Artemisia Gentileschi alizaliwa Roma tarehe 8 Julai, 1593. Baba yake, Orazio, alikuwa mchoraji hodari, na mama yake alifariki Artemisia akiwa na miaka 12. Siku zile msichana hakuweza kwenda kujifunza kwa mafundi wa mjini kama wavulana, basi alijifunza nyumbani katika karakana ya baba yake, akisaga rangi na kutayarisha vitambaa vya kuchorea. Mwaka 1610, alipokuwa na miaka 17, alitia sahihi yake katika picha ya Susana na wazee wawili. Mimi nami nina miaka 17, na nakiri ya kuwa jambo hilo ndilo lililonifanya niitazame picha ile kwa muda mrefu katika kompyuta ya maktaba yetu.

Kisa cha Susana kimo katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, katika Biblia wanayoitumia Wakatoliki. Susana alikuwa mke mwema aliyekaa Babeli. Siku moja alikuwa akioga bustanini kwake. Wazee wawili, ambao walikuwa waamuzi wa watu, walikuwa wamejificha wakimvizia. Wakamjia wakamwambia akubali matakwa yao, ama sivyo watamsingizia ya kuwa wamemkuta na kijana. Susana akakataa. Wakamshtaki kweli, na watu wakawaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli aliposimama akataka wazee wale wahojiwe mbalimbali. Kila mmoja alipoulizwa ni chini ya mti gani waliyaona hayo, huyu akataja mti huu na yule akataja mwingine. Uongo ukafichuka.

Wachoraji wengi walikipenda kisa hiki, lakini wengi wao walikipenda kwa sababu kiliwapa ruhusa ya kuchora mwanamke anayeoga. Mathalan Tintoretto wa Venice, yapata mwaka 1555, alimchora Susana ameketi katika bustani nzuri, ametulia, anajitazama katika kioo. Wazee wamo pembeni, na yeye hana habari nao. Mtu akiitazama picha hiyo, yeye naye amekuwa kama mzee wa tatu: anachungulia.

Artemisia alifanya vingine. Picha yake ina urefu wa karibu sentimita 170, yaani kimo cha mtu mzima. Hamna bustani, hamna maua. Susana ameketi juu ya jiwe, na nyuma yake kuna ukuta. Wazee wawili wameuinamia ukuta ule kutoka juu, wananong'onezana, na mmoja ameweka kidole mdomoni kama amwambiaye, "Nyamaza." Susana amejipinda mwili mzima, amegeuza uso upande, na mikono yake miwili ameiinua ili kuwazuia. Uso wake una uchungu. Mwenye kuitazama picha hii hawezi kustarehe, kwa maana hofu ya Susana ndiyo kitu cha kwanza anachokiona.

Hapa yafaa tuiangalie tarehe vizuri. Watu wengi waliosikia habari za Artemisia hufikiri ya kuwa alichora picha hii kwa sababu ya dhuluma aliyotendewa. Sivyo. Picha ni ya mwaka 1610, na dhuluma ile ilitokea mwezi wa Mei, 1611. Maana yake ni kwamba msichana yule alikuwa ameijua hofu kabla ya kupatwa na lolote kubwa. Hili ndilo fundisho la kwanza: hofu hutangulia tendo. Msichana hahitaji kupigwa ndipo ajifunze kuogopa. Hujifunza kwa macho yanayomfuata, kwa maneno anayoambiwa njiani, na kwa kidole kinachowekwa mdomoni.

II. KESI YA ROMA NA PICHA YA YUDITHI

Mtu aliyemdhulumu Artemisia aliitwa Agostino Tassi. Alikuwa mchoraji, mwenzi wa baba yake kazini, na alikuwa akiingia nyumbani kwao kama rafiki. Tassi alimbaka, kisha akamwahidi ndoa, na ahadi hiyo hakuitimiza. Mwaka 1612 Orazio alipeleka mashtaka kwa Papa Paulo V, ambaye siku zile alikuwa ndiye mtawala wa Roma. Kesi ikasikizwa kwa muda wa miezi saba hivi, na maandishi yake yamehifadhiwa Roma hata leo.

Ukisoma habari za kesi hiyo utashangaa. Kwanza, jambo lililopimwa sana halikuwa maumivu ya msichana, bali heshima ya baba yake na thamani ya binti katika ndoa. Wakunga waliletwa kumkagua mwili. Kisha, ili ijulikane kama anasema kweli, Artemisia alifungwa kamba katika vidole, na kamba zile zikakazwa huku akiulizwa maswali mbele ya Tassi. Fikirini, wasomaji: vidole vya mchoraji! Aliyeumizwa ndiye aliyetiwa kamba ili athibitishe ya kuwa aliumizwa. Hakuyabadili maneno yake. Mwezi wa Novemba, 1612, Tassi alitiwa hatiani akaamriwa kuhama Roma, lakini hukumu ile haikutekelezwa kama ilivyopasa, na baada ya muda si mrefu alionekana tena mjini.

Artemisia aliolewa mwezi ule ule akahamia Florence, akaendelea na kazi yake. Mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha wachoraji cha mji ule. Kati ya picha alizochora baada ya kesi, iliyo mashuhuri zaidi ni ya Yudithi, ambayo aliichora mara mbili. Ya pili ni ya yapata mwaka 1620, nayo imo Florence, katika nyumba ya picha iitwayo Uffizi. Yudithi, kama tunavyosoma katika kitabu chake, alikuwa mjane aliyeuokoa mji wake kwa kuingia kambini mwa adui na kumkata kichwa jemadari Holoferne alipokuwa amelewa.

Sisemi ya kuwa Holoferne katika picha ile ni Tassi. Kisa cha Yudithi kilikuwa maarufu, na wengi walikichora. Lakini hebu tulinganishe. Caravaggio, yapata mwaka 1599, alimchora Yudithi amesimama mbali kidogo, amenyosha mikono kama mtu asiyependa kulowa, na kando yake mtumishi kikongwe akingoja. Yudithi wa Artemisia ameipandisha mikono ya nguo, mikono yake ina nguvu ya mtu aliyezoea kazi. Na mtumishi wake si kikongwe anayengoja. Ni mwanamke kijana, naye amemkandamiza Holoferne kwa mikono yake miwili. Kazi ile inafanywa na wanawake wawili.

Katika ushahidi wake mahakamani Artemisia alisema ya kuwa, siku ya dhuluma, alimwita mwanamke mmoja aliyekaa katika nyumba ile ile, jina lake Tuzia, wala Tuzia hakuja kumsaidia. Nikikumbuka hayo ndipo ninapouona mkono wa yule mtumishi katika picha kwa jicho jingine. Pengine mchoraji hakuwa na nia hiyo. Picha yenyewe yasema wazi hata hivyo. Fundisho la pili basi si kwamba wasichana washike panga. Ni kwamba mtu anapoitwa kwa msaada, na aje. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

III. WIMBO WA KIJITI

Sasa tuje kwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, naye mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu, akitembea navyo mpaka mjini, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wajue ya kuwa ana kipaji. Baadaye akahamia mjini, akafundishwa muziki, akawa mwimbaji wa taarabu aliyeiimba kwa Kiswahili hata watu wa kawaida wakaelewa. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Kati ya nyimbo zake umo uitwao "Kijiti". Wimbo huo wasimulia jambo lililotokea Unguja katika miaka ya 1920. Mwanamke mmoja aliyekuja mgeni alichukuliwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Kijiti, usiku, katika starehe na ulevi. Kijiti akamwingilia kwa nguvu na kumwua, kisha akavuka bahari kwenda bara. Kesi ilipofika mahakamani, Kijiti hakuwapo. Waliokuwapo ni mashahidi, watu waliokuwa pamoja na marehemu jioni ile. Basi kwa kuwa mwenye kosa hakupatikana, mashahidi ndio waliohukumiwa, wakafungwa, kwa sababu ya pombe waliyoileta.

Katika wimbo wa Siti yote hayo yamo. Jina la Kijiti limo, tena ndilo jina la wimbo. Mashahidi wametajwa, na jaji naye ameonyeshwa jinsi alivyowakaripia. Na mara sauti hubadilika, marehemu mwenyewe akasema, kama kwamba amepewa nafasi ambayo mahakamani hakuweza kuipata. Kijiti aliwaponyoka askari, lakini wimbo hakuuponyoka. Watu waliendelea kuuimba. Bibi Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliuimba mpaka alipokuwa kikongwe. Naye alifariki mwaka 2013. Ni karibu miaka 100 sasa tangu maovu yale yatendeke, na bado jina la mwenye kosa latamkwa kwa kosa lake.

Muhula uliopita, katika mdahalo wa shule, nilikitaja kisa hiki. Mwenzetu mmoja alisimama akauliza, "Lakini yule mwanamke alitoka usiku kufuata nini?" Watu wakacheka na wengine wakapiga makofi. Muda wangu ulikuwa umekwisha, sikupata kumjibu. Nataka nimjibu hapa, kwa heshima.

Swali lile si jipya. Ndilo waliloulizwa mashahidi wa Unguja, na ndilo aliloulizwa Artemisia huku vidole vyake vikikazwa kamba: Kwa nini ulikuwa pale? Kwa nini hukupiga kelele zaidi? Kwa nini ulimfungulia mlango? Ukiyatazama maswali hayo utaona ya kuwa yote yamwelekea mwanamke. Usiku ule Kijiti naye alitoka. Kijiti naye alikunywa. Mbona hakuna mtu katika ukumbi wetu aliyeuliza Kijiti alitoka kufuata nini? Ikiwa kutoka usiku ni upumbavu, basi ni upumbavu wa wote wawili. Lakini kuua ni dhambi ya mmoja tu. Tukimwuliza mwanamke sababu ya kuwapo kwake, na mwanamume tusimwulize sababu ya tendo lake, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi.

Hata maneno tunayoyatumia yafaa kupimwa. Zamani watu walizoea kusema "kunajisi". Neno hilo lina najisi ndani yake, nayo humpaka aliyedhulumiwa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mchafu. Tukisema "kubaka" twataja tendo la mtendaji. Mimi naona hilo ndilo neno la haki.

Sheria nayo imebadilika. Tanzania Bara, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa mbakaji adhabu ambayo kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30. Tena kwa sheria hiyo mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika ya kuwa anasema kweli. Hakuna tena kamba za vidole. Lakini sheria yasaidia pale tu mtu anapothubutu kusema, na mtu huthubutu kusema akijua ya kuwa ukumbi hautamcheka.

IV. RAMANI ZA LOS ANGELES

Mwezi wa Mei, 1977, Bibi Suzanne Lacy alifanya kazi ya sanaa iliyokuwa ngeni kabisa katika mji wa Los Angeles. Aliiita "Wiki Tatu za Mwezi wa Mei". Hakuchora mtu wala mnyama. Alitundika ramani kubwa ya mji hadharani, mahali penye maduka, na kila siku alipata kwa polisi habari za wanawake waliobakwa. Mahali pa kila tukio alipiga muhuri mwekundu juu ya ramani. Kisha akauzungushia muhuri ule mihuri mingine iliyofifia, kuwakumbuka wale ambao hawakwenda polisi. Siku baada ya siku wekundu ukaongezeka, na watu waliopita kununua mahitaji yao wakauona mji wao wenyewe ukijaa alama.

Lakini aliweka na ramani ya pili. Katika hiyo alionyesha mahali pa msaada: hospitali, simu za kupigwa mtu akiwa taabuni, na vyama vya kusaidia wanawake. Ramani ya kwanza yasema hofu ipo wapi, na ya pili yasema mtu akimbilie wapi. Naona hekima kubwa katika kuziweka zote mbili. Mtu akionyeshwa hatari peke yake, atajifungia ndani tu. Hilo ndilo fundisho la tatu.

V. RAMANI YETU

Kazi ya Bibi Lacy haihitaji kipaji cha Artemisia wala sauti ya Siti. Yahitaji karatasi na ukweli. Basi sisi wasichana wa Kidato cha Nne tulichukua karatasi ya manila tukachora shule yetu na mahali pa jirani: mabweni, jiko, njia ya kisimani, shamba la mahindi, barabara ya zahanati, duka, na stendi ya basi. Kisha kila mmoja akaweka alama nyekundu mahali ambapo hapiti peke yake, au hupita akiwa na hofu. Tuliahidiana ya kuwa hakuna atakayeulizwa sababu ya alama yake. Tulipomaliza, mahali penye alama palikuwa 11.

Tuliwaomba wavulana wa darasa letu nao wachore yao. Wakachora, wakaweka alama tatu: pango lenye nyoka, mbwa mkali wa jirani, na kivuko cha mto wakati wa mvua. Tulizitundika karatasi mbili kando kando. Shule ile ile, njia zile zile, na wote twalipa michango ile ile. Lakini ramani mbili. Wavulana waliotazama walinyamaza kwa muda. Mmoja akasema, "Hata njia ya chooni?" Naam, hata njia ya chooni.

Mwalimu mlezi wetu alizipeleka ramani kwa Mkuu wa Shule, naye alizipokea vizuri. Majani marefu ya njia ya kisimani yamefyekwa. Taa ya umeme wa jua imewekwa karibu na choo cha wasichana. Siku ya kufunga shule mwalimu mmoja atawasindikiza wasichana mpaka stendi, wasigombaniwe na waendesha pikipiki alfajiri. Na mlango wa stoo ya zamani umepigwa kufuli. Hivyo alama nne zimefutwa, na saba zimebaki.

Ramani ya pili tuliibandika katika bweni na katika darasa. Nairudia hapa kwa faida ya wasomaji wote. Mtu akidhulumiwa, amwambie mtu mzima anayemwamini upesi: matroni, mwalimu, mzazi, shangazi. Katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambako husikizwa kwa faragha. Afike hospitali mapema bila kuoga wala kufua nguo alizovaa, kwa kuwa hizo ni ushahidi. Na dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Mtoto yeyote Tanzania aweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Na anayeambiwa habari hizi asianze kwa kuuliza, "Ulikwenda kufanya nini?" Aanze kwa kusema, "Nakuamini. Twende."

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Kati ya zile alama saba zilizobaki, mojawapo si ya mgeni wala ya giza. Ipo mahali peupe, saa kumi jioni, karibu na duka. Hapo pana ukuta mfupi, na juu yake hukaa baadhi ya wavulana wa shule yetu. Msichana akipita kwenda kununua sabuni hupigiwa miluzi, hutajwa maungo yake, na akikasirika huambiwa ya kuwa ule ni utani. Tulipohesabu, mahali pale ndipo palipokuwa na alama nyingi kuliko hata njia ya mahindi. Nayo methali isemayo mwenye nguvu mpishe ndiyo tunayoambiwa tukilalamika.

Najua ya kuwa wengi wa wavulana wale si watu wabaya. Baadhi yao hunisaidia hesabu, nami huwasaidia Kiswahili. Labda walidhani ya kuwa twacheka nao. Ndiyo maana nimewaeleza habari za picha ya Susana: watu wawili wameuinamia ukuta, wananong'ona, na msichana chini yao ameinua mikono. Nawaomba waende maktaba wakaitazame, kisha waamue wenyewe wao ni nani katika picha ile.

Alama nyingine sita zahitaji fedha, mabati na umeme, na twajua ya kuwa shule haina fedha nyingi. Alama ya ukutani haihitaji hata senti. Ramani bado imetundikwa katika darasa la Kidato cha Nne, na kalamu ya kufutia ipo mezani kwa mwalimu.